Kununua Televisheni ya Kwanza: Anza na Kioo

Anayenunua televisheni kwa mara ya kwanza huvutwa na ukubwa wa boksi na maandishi yaliyobandikwa juu yake, ilhali kinachostahili kuchunguzwa kwanza ni kioo. Televisheni nyingi zinazouzwa kwa jina la LED zina kioo cha LCD, ambacho hakitoi mwanga chenyewe bali humulikwa na taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma yake au pembeni. QLED nayo ni LCD ile ile, iliyoongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazokoleza rangi. OLED ndiyo iliyo tofauti kweli, kwa kuwa kila nukta ya picha (pikseli) huwaka na kuzimika peke yake, na weusi wake ni weusi hasa. Lakini bei yake ni kubwa, na nembo ya kituo inayokaa pale pale kwa muda mrefu yaweza kuacha alama ya kudumu. Kwa mnunuzi wa kwanza, naona LED nzuri inatosha kabisa.

Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Kioo cha inchi 43 kina upana wa takriban sentimita 95, basi pima meza yako kwanza.

Neno 4K linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Baadhi ya maboksi huandikwa hivyo kwa sababu tu televisheni hupokea video ya 4K, kumbe kioo chake kina nukta 1366 kwa 768. Omba karatasi ya maelezo uisome: 4K halisi ni 3840 kwa 2160, na Full HD ni 1920 kwa 1080. Kwa inchi 32 inayotazamwa kutoka mbali kidogo, tofauti hiyo haionekani sana, kwa hiyo usiilipie.

Kabla ya kutoa fedha, nenda na flashi yenye picha nyeupe tupu na nyingine nyeusi tupu. Kwenye nyeupe, tafuta nukta zilizokufa na sehemu zenye kivuli. Kwenye nyeusi, angalia kama mwanga unavuja pembeni. Katika televisheni iliyotumika, miduara myeupe inayong'aa ni dalili kwamba vilenzi vya taa za ndani vimebanduka.

Kenya na Tanzania zilikwisha kuzima matangazo ya analojia, hivyo hakikisha maelezo yanataja DVB-T2, yaani mfumo wa kupokea matangazo ya dijitali kwa antena, la sivyo utalazimika kununua king'amuzi hata kwa chaneli za bure.

Ukishaifunga nyumbani, punguza mwanga wa taa za nyuma, ambao dukani huwekwa juu ili kuvutia wateja. Taa hizo hudumu zaidi zisipowaka kwa nguvu zote.