Meno ya mtoto wa mdomo uliopasuka hayakutani? Anza hivi

Mimi mwenyewe nilizaliwa mdomo na kaakaa zimepasuka, nikashonwa nikiwa mdogo, na mpaka naingia sekondari meno ya chini yalikuwa yanapita mbele ya yale ya juu. Kila tukiuliza tunaambiwa ngojeni, akikua yatajipanga. Hayakujipanga. Bas wewe mwenye mtoto usingoje.

Akifika miaka 6, 7 hivi, meno ya mbele yakianza kubadilika, mkalishe mlangoni penye mwanga, mwambie aume magego yakutane halafu mfunue midomo kwa vidole. Kawaida ya juu yanafunika ya chini kidogo, mbele na pembeni. Ya chini yakiwa nje, ama upande mmoja wa juu umeingia ndani, hapo pana kazi. Mpe hata hamri ang'ate umuangalie, mimi nilikuwa silikati, nalirarua kwa magego kama paka na kichwa cha samaki.

Na mamake hakukosea kitu, tuelewane. Kaakaa likishonwa linabaki kovu, kovu halivutiki, kwa hivyo taya la juu linakua pole pole huku la chini linaenda zake. Na pale mpasuko ulipopita kwenye ufizi hapana mfupa, ndo maana lile jino la kando ya mawili ya mbele mara nyingi halipo ama limeota kombo.

Usiende kwa wa kung'oa tu, ulizia daktari wa kupanga meno. Kama hujui pa kuanzia nenda Coast General, hospitali kubwa ya Mombasa, uulize wa meno wakuelekeze. Shirika la Smile Train wanalipia operesheni za mpasuko hapa Kenya, ukifika hospitali inayoshirikiana nao uliza na habari ya meno pia, usione haya.

Wengine wanawekewa kifaa cha kupanua kaakaa, kina skrubu katikati na kiufunguo chembamba kama pini, na anayezungusha ni wewe nyumbani, siku alizokuandikia daktari. Ingiza, sukuma toka mbele kwenda nyuma mpaka tundu lingine litokeze lote, ndo utoe, maana ukiishia nusu kesho huoni pa kuingizia. Mara moja ni kama robo milimita tu. Na funga uzi kwenye huo ufunguo, usije ukamezwa.

Kitu cha kutopitwa nacho ni mfupa. Miaka 8 mpaka 11 hivi, kabla jino la chonge halijashuka kwenye mwanya, wanachota mfupa kidogo, mara nyingi nyongani, wanaujaza pale ufizini ili chonge lipate pa kushukia. Mimi hiyo ilinipita na mpaka leo inaniuma.

Taya likibaki nyuma sana kuna operesheni ya kulisogeza mbele, lakini hiyo mpaka amalize kukua, wavulana 18 hivi na kuendelea, na kabla hamjakubali uliza habari ya sauti kwa sababu taya likisogea anaweza kuzidi kuongea kwa puani.

Breisi zenyewe, vile vyuma vya kupanga meno, hazifungwi kwenye meno yaliyooza, kwa hivyo mswaki haswa pale kwenye mwanya. Na akishafungwa, ubuyu na kashata bas. Mimi nilifungwa ukubwani, wiki ya pili nikang'oa vibati viwili kwa kashata moja, nikarudi kliniki navyo mfukoni kwenye tishu.