Kumtafuta wakili wa ardhi Tanzania: kabla ya kulipa, na mgogoro unapozuka

Watu wengi hukutana na wakili kwa mara ya kwanza siku ya kutia saini mkataba wa mauziano ya kiwanja, wakati bei imekwisha kukubaliwa, malipo ya awali yamekwisha kutolewa na dalali anasubiri chake. Wakili husoma mkataba harakaharaka, hugonga muhuri, hulipwa ada ya kushuhudia saini, na kazi yake huishia hapo. Mnunuzi hurudi nyumbani akiamini kwamba muhuri ule umethibitisha kila kitu, ilhali umethibitisha jambo moja tu, yaani kwamba waliotajwa kwenye mkataba walifika mbele ya wakili na kutia saini zao. Haukuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mwenye eneo, wala kwamba eneo halina rehani, wala kwamba mke au mume wa muuzaji ameridhia. Familia nyingi zimepoteza akiba ya miaka kwa sababu ya kutoijua tofauti hiyo, na ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza kwamba wakili aajiriwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Yanayoelezwa hapa yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za ardhi na utaratibu wake wa mawakili.

Kabla ya kulitafuta jina la wakili, ijue kwanza aina ya ardhi unayoishughulikia, kwa sababu ndiyo inayoamua kazi atakayoifanya. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachouziana mwananchi na mwenzake ni haki ya kuitumia kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 au Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Kiwanja kilichopimwa mjini chenye hati ya miaka 33, 66 au 99 kina kumbukumbu kwa Msajili wa Hati, na wakili anaweza kuanzia huko. Eneo lisilopimwa pembezoni mwa mji mara nyingi lina karatasi za mauziano zilizoshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, na hapo ushahidi wa majirani na wa waliouza awali huwa na uzito mkubwa kuliko karatasi zenyewe. Shamba la kijijini lina utaratibu wake: Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa hiyo wakili makini ataomba kuiona mihtasari ya vikao hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Mwambie wakili mapema eneo lako ni la namna gani, kisha umsikilize. Asiyeuliza maswali zaidi baada ya maelezo hayo hajazoea kazi ya ardhi.

Kumthibitisha wakili ni jambo jepesi, lakini wengi hawalifanyi. Mjini wapo vishoka wanaoandaa mikataba kwa malipo, baadhi yao wakiwa na mihuri ya kughushi, na sheria inamkataza mtu asiye wakili kuandaa nyaraka za namna hiyo kwa ujira. Wakili halali ameandikishwa katika orodha ya mawakili, ana namba yake, ni mwanachama wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili humwezesha mwananchi kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa wakati huo. Fanya hivyo hata kama umeletewa na ndugu yako wa karibu. Angalia pia kwamba mkataba unaoandaliwa unabeba jina na anwani ya aliyeuandaa, kwa kuwa sheria inadai hivyo.

Uhalali, hata hivyo, si ujuzi. Wapo mawakili hodari wa jinai au wa kampuni ambao hawajawahi kufuatilia uhamisho wa milki hadi mwisho. Katika mazungumzo ya kwanza mwombe akueleze hatua zote tangu upekuzi wa kumbukumbu za Msajili hadi jina lako kuingia kwenye daftari la Msajili. Anayeijua kazi atazitaja bila kusita fomu za ardhi za uhamisho, uthamini, kibali cha uhamisho, kodi ya ongezeko la mtaji inayomhusu muuzaji, ushuru wa stempu, na mwisho usajili. Muulize vilevile kama amewahi kumwakilisha muuzaji huyo au dalali wake. Swali hilo linaweza kuonekana la kukosa adabu, lakini ni haki yako kabisa kuliuliza. Mimi sipendekezi hata kidogo wakili mmoja kusimamia pande zote mbili za mauziano kwa ajili ya kubana gharama, kwa sababu siku mtakapotofautiana juu ya mpaka au juu ya salio la bei, hataweza kumtetea yeyote kati yenu.

Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe. Barua hiyo ya kazi itaje atakachokifanya, ada yake, jinsi itakavyolipwa kwa awamu, na gharama zisizomo ndani ya ada, kama vile malipo ya upekuzi, mthamini, ushuru na usajili. Ipo Amri ya mwaka 2015 inayoweka viwango vya malipo ya mawakili, na unaweza kumwomba akuonyeshe ada yake inasimama wapi katika viwango hivyo. Kila malipo yawe na risiti. Ikiwa fedha ya kununulia itapitia kwake, iwekwe kwenye akaunti ya wateja iliyotengwa na fedha zake mwenyewe. Wakili anayetaka alipwe kwa kumegewa sehemu ya kiwanja kinachogombaniwa aachwe mara moja, kwa kuwa tayari ameanza kuwa mshindani wako.

Kazi ya kwanza ya kumdai wakili wa mnunuzi ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambao huonyesha jina la mmiliki, rehani, na zuio lolote lililowekwa. Upekuzi peke yake hautoshi. Aende eneoni, au amtume mtu pamoja na mpima ardhi, ili mawe ya mipaka yalinganishwe na ramani na ijulikane nani anaishi au analima pale, maana migogoro mingi ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili hugunduliwa kwa kuzungumza na jirani tu. Athibitishe kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa. Kama muuzaji amerithi, barua ya Mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi ionekane kwa macho, wala isichukuliwe nakala ya fotokopi kwa imani, na warithi wengine wasikilizwe. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ridhaa hiyo iandikwe na kusainiwa na mwenzi mwenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna wauzaji wanaodai kwamba hawana ndoa, na mnunuzi aliyekubali neno hilo bila kuuliza mtaani hujikuta kwenye baraza la ardhi akishtakiwa na mama mwenye watoto ambaye hajui atalala wapi.

Mkataba wenyewe uandikwe kwa lugha unayoielewa. Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu tangu marekebisho ya mwaka 2021, na hakuna sababu ya mtu kusaini kurasa kumi za Kiingereza anachokisoma kwa shida. Bei ilipwe benki, kwa awamu zinazofuata hatua, huku sehemu ya maana ikibaki hadi kibali cha uhamisho kipatikane. Kwa ardhi iliyosajiliwa, haki haihami kutoka kwa muuzaji mpaka uhamisho uandikishwe, hivyo kazi ya wakili haijakwisha siku ya kusaini. Aliye ughaibuni anayenunua kupitia ndugu ampe ndugu huyo hati ya uwakilishi inayotaja mipaka ya mamlaka yake, na wakili awe anawasiliana na mnunuzi mwenyewe moja kwa moja.

Mgogoro unapozuka

Hapa mpangilio wa mabaraza yanayoshughulikia migogoro ya ardhi ndio unaokuambia umtafute wakili lini. Mbele ya Baraza la Kata wakili haruhusiwi kusimama kama wakili, na tangu mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu katika shauri la ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea mbele hata bila hati hiyo. Hata hivyo, mwone wakili kabla ya kwenda Kata, kwa sababu maneno utakayoyasema pale na karatasi utakazoziacha zinaweza kukufuata. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza madai ya mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Kama mdaiwa ni halmashauri au taasisi ya Serikali, inatakiwa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Wakili anayepuuza hatua hiyo atakupotezea mwaka mzima kabla shauri halijafutwa.

Muulize pia juu ya muda. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu inapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 45. Kama mpinzani ameanza kujenga au kubomoa, wakili wako aombe zuio la muda sambamba na shauri lenyewe, kwani jengo likishasimama hali hubadilika sana. Asiyemudu ada asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa huduma bila malipo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania wamesaidia wengi katika mashauri ya ardhi, hasa wajane.

Unaweza kumbadilisha wakili katikati ya shauri. Mwandikie barua ya kusitisha kazi, lipa kinachodaiwa kihalali, dai jalada lako na nyaraka zote halisi, kisha wakili mpya aijulishe mahakama. Ikiwa wakili wa awali amekula fedha yako au ameshirikiana na upande wa pili, malalamiko hupelekwa Kamati ya Mawakili, ambayo ina mamlaka ya kumsimamisha au kumwondoa kwenye orodha. Yaambatanishe malalamiko hayo na ile barua ya kazi na risiti zako.