Jinsi ya kuufanya mpango wa jimbo ufike mpaka kwenye barabara unayovuka kila siku (Marekani)

Watu wengi barabara ikiwa ya hatari wanaenda moja kwa moja ofisi za mji, wanaongea weee, alafu wanaambiwa "hiyo sio yetu" na mambo yanaishia hapo. Na mara nyingi wanaambiwa ukweli. Zile barabara pana za leni nne, tano, sita, zenye maduka huku na huku na vituo vya basi, nyingi zake ni za jimbo, mji hauwezi hata kuchora kivuko bila ruhusa. Na ndizo zinazoua. Mwaka 2009 watembea kwa miguu waliokufa kwa kugongwa nchi nzima walikuwa kama 4,100, mwaka 2022 wakapita 7,500, na karibu robo tatu ya hao wanagongwa gizani. Kwa hiyo kama unataka watu watembee bila woga lazima ujue kuufuata mpango wa jimbo wa watembea kwa miguu, na inawezekana kabisa hata kama hujasomea uinjinia.

Anza na swali moja tu: hii barabara ni ya nani? Ukiona kibao chenye namba ya barabara ya jimbo au ya US basi uwezekano ni mkubwa kwamba ni ya jimbo, lakini usiishie kwenye kubahatisha, idara ya usafirishaji ya jimbo (DOT) huwa ina ramani, au piga simu ofisi yao ya wilaya inayosimamia eneo lako uwaulize. Hao wa wilaya ndio watu wako kuanzia leo, andika jina la aliyekujibu.

Alafu tafuta makaratasi matatu. La kwanza ni mpango wa jimbo wa watembea kwa miguu, majimbo mengi wanao, Massachusetts walitoa wao 2019, Minnesota 2021. La pili ni tathmini ya usalama wa watu wasio ndani ya magari, hii sheria ya miundombinu ya 2021 ililazimisha kila jimbo kuifanya, na ilitakiwa iwe tayari Novemba 2023, ndani yake utakuta maeneo ambayo jimbo lenyewe limekiri kwamba watu wanaumia. La tatu wengi hawalijui na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, linaitwa STIP, ni orodha ya miradi inayopewa hela kwa miaka minne ijayo. Mpango unaweza kuwa na picha nzuri na maneno matamu lakini kama mradi haupo kwenye STIP basi hakuna kitakachojengwa kesho wala keshokutwa. Weka hayo mawili ya kwanza pembeni ya la tatu uangalie: maeneo waliyoyaita hatari yamepewa hela au hapana? Yasipokuwemo, hiyo ndio hoja yako.

Kuna na kipengele kingine cha sheria hiyo hiyo cha kukishika vizuri. Kama watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wengine wa aina hiyo wamefika asilimia 15 au zaidi ya vifo vyote vya barabarani kwenye jimbo, jimbo linatakiwa litumie angalau asilimia 15 ya fedha zake za usalama barabarani kutoka serikali kuu kwa ajili ya watu hao. Uliza kama jimbo lako limefika hapo, na uliza hizo hela zimeenda barabara gani.

Ukisoma mpango angalia pia wanachaguaje maeneo. Wakihesabu ajali tu kuna shida, maana barabara ikishatisha sana watu wanaacha kutembea, ajali zinapungua, kwenye karatasi inaonekana salama kumbe imeshafukuza watu. Minnesota waliyapa maeneo pointi kwa kuangalia na mambo mengine kama afya, usawa na matumizi ya ardhi, na huo ndio utaratibu wa kuudai.

Sasa maoni yenyewe, yaani unachowaandikia jimbo kuhusu mpango wao na STIP. Usiandike "tunaomba usalama", hiyo haimpi mtu kazi ya kufanya. Andika kitu na mahali: hapa kwenye kituo cha basi mbele ya zahanati kivuko cha karibu kiko mbali, wazee wanakatiza leni tano, tunaomba kisiwa cha katikati (sehemu iliyoinuliwa katikati ya barabara ya mtu kusimama akisubiri) na taa. Kisiwa cha katikati kwa takwimu za idara ya barabara kuu ya serikali kuu kinapunguza ajali za watembea kwa miguu kwa kama asilimia 56, na kumpa mtembeaji sekunde chache za kuanza kuvuka kabla ya magari kuruhusiwa kunapunguza asilimia 13 hivi, tena hiyo ni kurekebisha taa zilizopo tu. Na spidi jamani, spidi usiiache. Mtu akigongwa na gari la maili 23 kwa saa hatari ya kufa ni kama asilimia 10, likiwa maili 42 ni nusu kwa nusu, maili 50 ni robo tatu. Wakikuambia watashusha kibao cha spidi peke yake washukuru ila endelea kudai barabara yenyewe ibanwe, dereva anafuata upana wa leni kuliko kibao.

Maoni yana tarehe ya mwisho, iulize mapema, na uliza kama kuna mkalimani wa mkutano kama wazazi wako hawako vizuri na Kiingereza, wao ndio wanaotembea kuliko sisi.

Kitu cha mwisho ni kuvizia lami. Uliza wilaya barabara yako inawekwa lami mpya mwaka gani, maana siku hiyo mistari yote inachorwa upya, leni zinaweza kupunguzwa kwa gharama ndogo sana, na sheria ya walemavu inataka kwenye vivuko kuwe na mteremko wa kiti cha magurudumu. Ila michoro huwa inafungwa muda mrefu kabla mashine hazijafika, kwa hiyo ukisikia ni mwaka kesho kutwa, barua yako iende wiki hii.