Kufosta (kulea kwa muda) watoto wa paka, na vile utawaachilia wakipata kwao

Kabla hujabeba hata paka mmoja nyumbani elewa hivi: hao paka si wako, na kazi yote utakayofanya kuanzia usiku wa kwanza ni kuwatayarisha waende kwa mtu mwingine wakiwa na afya na bila uoga. Huku Kenya tuko kwenye ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, basi paka wanazaa mwaka mzima, ndio maana walezi wanahitajika kila mwezi. Ukiwa Nairobi pigia KSPCA, shirika la kutetea wanyama lenye shelta (makao ya wanyama waliookolewa) kule Karen, uulize kama kuna wanaohitaji kulelewa, ukiwa kwingine muulize dokta wa wanyama, mara nyingi anajua ni nani anaokoa paka hapo mtaani.

Tenga chumba kimoja chenye mlango unaofungika, hata bafu inatosha. Kama una paka wako usiwachanganye kwa wiki mbili hivi, kuna ugonjwa unaitwa panleukopenia unaoua watoto wa paka haraka sana na virusi vyake vinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka, sabuni peke yake haivimalizi, piga deki kwa Jik na maji halafu suuza vizuri.

Sasa kulisha, hapa ndipo wengi wanapoteza paka. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanawaharisha na paka mdogo akiharisha anaisha maji mwilini upesi, tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka kwa dokta. Wiki mbili za kwanza tangu azaliwe ni kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia, kwa hivyo kama unaamka alfajiri kwenda kazini chukua waliofika wiki 5 au 6 wanaokula wenyewe, hakuna aibu hapo. Wa chupa anyonye akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mamake, sio chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Na akiwa baridi usimlishe kwanza! Mpashe joto polepole, chupa ya soda yenye maji moto iliyofungwa kwa leso inatosha, halafu umwachie nafasi ya kusogea pembeni akisikia joto limezidi. Hadi wiki ya 3 hivi hawezi kujisaidia mwenyewe, kila akila mpanguse sehemu ya kujisaidia kwa pamba yenye maji vuguvugu mpaka akojoe. Mpime kila siku kwa mizani ya jikoni, anafaa kuongeza kama gramu 10 hadi 15 kwa siku, akipungua usingoje kesho, nenda kwa dokta.

Viroboto toa kwa kitana. Dawa ya viroboto ya mbwa usiguse kabisa, nyingi zina permethrin na hiyo inaua paka.

Halafu kuna kitu watu husahau kwa sababu hakionekani kama kazi. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndio paka anajifunza nani wa kuogopa, kwa hivyo washike kila siku, wasikie blenda, redio, wageni, watoto, wazoee wanaume pia, na ile kikapu cha kuwabebea iache wazi chumbani walale humo ili siku ya safari isiwe kitu kigeni. Hapo tayari unaanza kuwaaga.

Wakifika kama wiki 8, wamepewa dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza, familia zinaanza kuja. Uliza maswali bila kuona haya: nani atabaki na paka mkisafiri ushago, mwenye nyumba ameruhusu, atafungwa kizazi lini. Wawili wanaopendana jaribu waende pamoja. Wape kitambaa wanacholalia bila kukifua, chakula kidogo cha kile wamezoea, kadi ya chanjo na tarehe ya inayofuata, na karatasi uandike anachopenda na anachoogopa. Waambie akijificha chini ya kitanda siku mbili tatu wasimvute, na waanze na chumba kimoja.

Utalia, na ni sawa. Watoto wako waambie tangu siku ya kwanza kwamba hawa wataenda, na siku yenyewe wawepo waage, usiwatoe paka wakiwa shule. Familia mpya waombe picha moja baada ya wiki, kisha waache, usiwapigie kila jioni. Kama umetamani kubaki na mmoja jiulize kwanza kama bado utaweza kupokea wengine, ikiwa ndio, mchukue kwa roho safi.

Baadaye osha chumba, fua kila kitu, pumzika. Ukiwa bado hauko sawa waambie shelta ukweli, ni afadhali wangoje kidogo kuliko wakuletee wengine watano ukiwa umechoka.