Somo: Kutenga vipuri vya oda kabla kazi haijaanza

Somo hili nawaandikia watunza stoo wa viwanda vidogo vya huku kwetu Nakuru, hasa vinavyounda mashine za kukatakata nyasi za ng'ombe, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka kadhaa. Kutenga kipuri si kukitoa stoo. Kilichotengwa kingali rafuni na kingali kwenye hesabu ya mali, ila hakuna oda nyingine inayoruhusiwa kukigusa.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha vipuri vya mashine moja, kisha kuzidisha kila idadi kwa mashine zilizoagizwa. Andika namba kamili ya kipuri. Ukiandika "beringi" tu, yaani kipuri kinachoshika shafti ili izunguke kwa wepesi, fundi anaweza kupewa ya namba 6204, yenye tundu la milimita 20, ilhali shafti yake ya milimita 25 inataka 6205.

Hatua ya pili ni kutafuta kilicho huru, yaani kilichopo rafuni ukitoa kilichokwisha kutengwa. Tuseme una beringi 40 na kila mashine inatumia 2. Oda ya mashine 12 ikishatengewa 24, zilizo huru ni 16. Ikija oda ya mashine 10, inayohitaji 20, upungufu wa beringi 4 unauona siku hiyohiyo, wakati bado unaweza kuagiza, badala ya kuuona siku ya kufunga mashine.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito, ni kuchagua namna ya kutenga. Unaweza kutenga idadi tu, kwa kuiandika kwenye kadi ya stoo au kwenye programu, na vipuri vikabaki pamoja na vingine. Unaweza pia kutenga vipuri vyenyewe, ukaviweka kwenye kasha lenye namba ya oda. Niliwahi kutegemea daftari peke yake. Jumamosi moja nisipokuwepo, fundi wa matengenezo alichukua beringi 4 ili kumsaidia mteja aliyekuwa akimsubiri mlangoni, naye hakuwa na kosa, kwa kuwa hakuna alama yoyote rafuni iliyomkataza. Jumatatu mashine mbili zilisimama zikisubiri mzigo kutoka Nairobi. Tangu hapo, kipuri chochote adimu au kinachochelewa kufika nakitia kwenye kasha na kukifunga kwa utepe, na mota naitenga kwa namba iliyogongwa kwenye kibati chake. Bolti na washa sizitengi kabisa. Nazilinda kwa kuweka kiwango ambacho zikishukia hapo ni lazima niagize.

Hatua ya nne ni kuandika tarehe ya kazi kuanza na tarehe ambayo vipuri vitaachiliwa iwapo kazi haijaanza. Ukitenga mapema mno, stoo hujaa vitu ambavyo hakuna anayeweza kuvitumia. Mwisho, vipuri vinapokabidhiwa fundi, punguza idadi ya rafuni na idadi iliyotengwa kwa pamoja. Ukisahau ya pili, kadi itaendelea kushikilia kitu ambacho hakipo.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha watunza stoo, walio nje ya Nakuru

Mwanachama wa Kisumu: Mteja ameahirisha oda yake kwa mwezi mmoja. Je, niendelee kumshikia vipuri?

Jibu: Kama vipuri vipya vitafika kabla ya tarehe yake mpya, viachilie vitumiwe na oda iliyo tayari, kisha umtengee upya. Kama amelipia kipuri maalumu kilichoagizwa kwa ajili yake, usikiguse bila idhini yake.

Mwanachama wa Kakamega: Naweza kutenga vipuri vilivyo njiani?

Jibu: Ndiyo, lakini viandike katika safu yao peke yao, usivijumlishe na vilivyopo rafuni. Mzigo ukifika, uhesabu na kukagua namba kwanza, ndipo uhamishe idadi hiyo. Hadi hapo, usimpe fundi tarehe ya kuanza kazi.

Mwanachama wa Bungoma: Oda mbili zinagombea mota moja. Nani aamue?

Jibu: Si mtunza stoo. Msimamizi wa uzalishaji ndiye anayejua tarehe alizoahidiwa kila mteja, kwa hiyo aamue yeye, atie sahihi kwenye kadi, nawe ubadilishe namba ya oda kwenye kasha papo hapo.