SOMO: Kusaidia limfu itembee kwa masaji ya mkono mwepesi (anzia shingoni sio miguuni)

Wadau habari zenu. Hili somo nimeliahidi siku nyingi, leo nimepata muda, ngoja niliandike lote kwa pamoja, likiwa refu mtanisamehe.

Aliyenifanya nijifunze hii kitu ni mama yangu. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi wakamtoa na tezi za kwapani, miezi kadhaa baadaye bangili ya mkono wa upande ule ikagoma kutoka. Tukadhani kanenepa. Kumbe ni limfu imekwama (yale maji ya mwilini yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe, sio ya damu), ukimbonyeza kwa dole gumba ukahesabu mpaka kumi, ukitoa dole shimo linabaki palepale, linajaa polepole sana. Tukamtafutia mtu wa masaji akamkanda kwa nguvu zote na mafuta, kesho yake mkono umezidi na unauma, siku ile nililia. Baadaye ndo mtaalamu wa fiziotherapia akatuonyesha inavyotakiwa, mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka mama akamuuliza "umeshaanza?", na wala hakugusa ule mkono uliovimba, alianzia shingoni.

Kwa nini shingoni? Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Kila siku kuna maji yanatoka kwenye mishipa midogo ya damu yanaingia kwenye nyama za mwili, mengi yanarejea, yale yanayobaki (vitabu vingi vinasema kama lita 3 kwa siku) yanaokotwa na mishipa ya limfu, yanapita kwenye tezi za kinena, kwapa na shingo zinazochuja vijidudu, ndo hizohizo zinazokutoa mtoki ukiwa na kidonda mguuni, halafu yote yanamwagwa tena kwenye damu chini ya mtulinga, pale shingo inapokutana na bega. Kinachoisukuma ni misuli ikijikaza, pumzi yako, na mishipa yenyewe inajiminya kidogokidogo, ndani ina vali ili isirudi nyuma. Sasa chukulia ni foleni ya magari. Wa nyuma hata apige honi vipi hasogei mpaka wa mbele atoke. Ukikanda kifundo cha mguu wakati juu hujafungua, maji unayapeleka wapi?

KABLA HUJAGUSA MTU soma hapa. Usifanye kama ana homa, ngozi nyekundu yenye joto, au ana damu iliyoganda mguuni. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu maji mengi yakirudi kwenye damu kwa mkupuo yanaweza kumzidia, huyo na anayetibiwa saratani waongee na daktari wao kwanza. Tafadhali msiruke hii.

Hatua ya 1. Lala chali, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa pua tumbo lipande, toa taratibu. Mara 10. Watu wanaiona ya kupoteza muda ila kiwambo (ule msuli uliotenganisha kifua na tumbo) kikishuka na kupanda ndo kinaivuta limfu ya miguu na tumbo kuja juu.

Hatua ya 2. Pishanisha mikono kifuani, laza vidole kwenye vile vishimo juu ya mtulinga. Ivute ngozi kidogo kuelekea ndani na chini, achia irudi yenyewe. Mara 10 hadi 15, polepole. Uzito ni ule wa kusogeza ngozi tu, ukianza kusikia msuli chini ya kidole ujue umeshazidisha, mishipa mingi ya limfu tunayoitafuta iko hapohapo chini ya ngozi na ukiigandamiza inafunga. Na usipake mafuta, kidole kitateleza na ngozi haitavutika, mafuta paka baadaye. Usibonyeze pembeni ya koo, kuna mishipa mikubwa ya damu pale.

Hatua ya 3. Kwapa. Laza kiganja chote ndani, vuta juu, achia, mara 10. Halafu kinena vilevile, pale paja linapokunjika.

Hatua ya 4. Mguu sasa. Anza na paja la JUU, vuta ngozi kuelekea kinena. Kisha paja la chini. Kisha nyuma ya goti, mara 10. Kisha kigimbi, kifundo, unyayo mwisho. Ukishafika chini pandisha tena mpaka kinena. Mkono ni hivyohivyo, bega kwanza vidole mwisho, kila kitu kinaelekea kwapani. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ila aliyetolewa tezi za upande fulani asiipeleke limfu kwenye kwapa lile, njia yake inazungushwa kwenda upande ambao haukufanyiwa upasuaji, hiyo aonyeshwe na mtaalamu ana kwa ana.

Mbinu hii sio ya jana, Emil Vodder na mkewe Estrid, watu wa Denmark, waliionyesha Paris mwaka 1936, na mpaka leo wanaotibu uvimbe wa limfu wanaitumia pamoja na vitu vitatu: nguo ya kubana, mazoezi na utunzaji wa ngozi. Mama masaji peke yake haikumtosha, kilichomshikilia ni ile soksi ya mkono ya kubana, anaivaa asubuhi anavua akilala.

Kila siku: tembea. Kama unakaa ofisini au safarini vuta vidole vya miguu kuja kwako kisha visukume mbele, mara 20 kila saa, kigimbi ndo pampu yako. Jioni pandisha miguu juu ya mto. Kiu ikija kunywa maji, chumvi punguza, nguo inayokuachia alama kinenani au kwapani iache. Mkwaruzo wowote osha na sabuni siku hiyohiyo hasa kwa mwenye uvimbe, vijidudu vikiingia pale vinasambaa haraka.

MASWALI YENU

Swali: Asante kwa somo. Nina tezi shingoni imevimba wiki sasa, niikande iishe?
Jibu: Hapana ndugu, hiyo iko kazini, mara nyingi ni koo au jino. Ikipita wiki mbili haipungui, au ni ngumu haiumi haisogei, au unatoka jasho usiku na kukonda, nenda ukapimwe.

Swali: Hii inatoa sumu mwilini na kupunguza kilo? Kuna mahali nimeona wanasema hivyo.
Jibu: Dada yangu hapana. Sumu zinatolewa na ini na figo. Utaona mguu umepungua kwa sababu maji yamesogea, mafuta yako palepale. Anayekuuzia kwa ahadi ya kilo anakula hela yako.

Swali: Nimetoka safari ndefu mguu mmoja tu umevimba, kigimbi kinauma nikikanyaga.
Jibu: USIUKANDE. Nenda hospitali leo, sio kesho, inaweza kuwa damu imeganda. Ukibanwa kifua au pumzi ikikata ni dharura hapohapo.

Swali: Mimi mjamzito miezi 7, miguu inajaa jioni.
Jibu: Hongera mama. Ya jioni miguu yote miwili inayopungua ukilala kwa kawaida haina shida, lalia ubavu wa kushoto, pandisha miguu, masaji ya mkono mwepesi mwulize mkunga wako. Ila uso na mikono vikijaa ghafla, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, wahi, kifafa cha mimba kinaanza hivyo.

Swali: Baba ana matende miaka mingi, bado inafaa?
Jibu: Kwake anza na usafi wa mguu kabla ya masaji. Osha kila siku kwa maji na sabuni, polepole, na KAUSHA katikati ya vidole, fangasi na vidonda vya pale ndo vinaleta yale mashambulio ya homa na maumivu na kila shambulio linauacha mguu mkubwa zaidi. Apandishe mguu akikaa, achezeshe kifundo, avae viatu vya wazi visivyombana. Akiwa na homa usimguse mguu, mpeleke akatibiwe. Na kama ana busha pia lile linafanyiwa upasuaji, asione aibu kusema. Ukishamwosha wiki mbili tatu niandikie mguu unaonekanaje katikati ya vidole, tutaendelea kutoka hapo.