Somo: Kucheza kaseti zako za Game Boy kwenye kivinjari

Nimefungua boksi la zamani hapa Ngamiani nikakuta kaseti nne za Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Mashine yenyewe ilishakufa. Sasa zote nazicheza kwenye simu. Somo hili ni la wenye kaseti mkononi.

Kwanza usafi. Chumvi ya bahari ya Tanga haina huruma, pini zangu zilishaota ukijani. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, sugua mpaka pamba itoke safi, acha zikauke. Usipulize kwa mdomo, mate ndiyo yanayozila.

Pili, kaseti isomwe, yaani gemu iliyomo inakiliwe kuwa faili. Natumia kifaa kiitwacho GBxCart RW, kinachomekwa kwenye kompyuta kwa USB, pamoja na programu ya bure, FlashGBX. Utapata faili la .gb, .gbc au .gba. Programu ikilalamika kwamba nakala ina kasoro, rudi kwenye spiriti. Kaseti yangu moja ilikubali mara ya tatu.

Tatu, hapa msikimbie: kwa FlashGBX hiyo hiyo toa na sevu, yaani kumbukumbu ya ulipofikia kwenye gemu. Kaseti nyingi za Game Boy hutunza sevu kwa betri ya duara kama ya saa, iliyochomelewa ndani. Ikiisha, au ukiing'oa, sevu imekwenda.

Nne, hamishia faili kwenye simu, fungua EmulatorJS, programu inayoigiza Game Boy ndani ya kivinjari, chagua faili lako, cheza. Bando lisikutishe: Tetris ya 1989 ni KB 32, picha ya harusi uliyotumiwa juzi inaizidi. Kubwa kabisa za Game Boy Advance, mdogo wake wa baadaye, ni MB 32, na faili linasomwa humo humo kwenye simu.

Ila sevu mpya inakaa ndani ya kivinjari. Mpwa wangu alifuta data zake "simu iwe nyepesi", wiki nzima ya kucheza ikayeyuka. Waja leo waondoka leo! Siku hizi kila nikimaliza naipakua sevu, naiweka kwenye flashi.

MASWALI

— Mkuu, sina hicho kifaa. Nikipakua gemu ile ile niliyonayo, si sawa tu?

Hapana, ndugu yangu. Kaseti kuwa yako hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kugawa nakala. Zipo gemu mpya za Game Boy ambazo watengenezaji wenyewe wanazitoa bure, anza na hizo. Au lete kaseti zako Jumapili, tuzisome hapa kwangu.

— Kaka, sevu nimeingiza lakini gemu inaanza upya.

Ingiza tena, dada. Angalia usibonyeze kitufe cha "state", hicho ni kitu kingine.

— Betri ikibadilishwa, sevu inarudi kwenye kaseti?

Inarudi, FlashGBX inaandika pia. Soma namba iliyo kwenye betri ya zamani, mara nyingi CR2025 au CR1616, utafute yenye miguu ya kuchomelea. Fundi akitoa selotepu, chukua kaseti yako uondoke.